Samaki Ni ya Mupishi

Bwana yangu alikufa bila kuniambia kama nilikuwa na haki ao nilikosea. Miaka tatu nilikaa na ile neno sawa mufupa mu koo, haishuke, haitoke.

Ilikuwa neno ya muchezo. Usiwaze karata, usiwaze mupira. Ni muchezo ya mu ordinatere, ile kompyuta, ya zamani sana. Watoto wa leo wakiiona wanauliza kama ile mashini iko mugonjwa.

Bwana yangu alikuwa mukarani. Kalamu mbili mu mufuko ya shati kila siku, hata siku ya kulima. Wakati biro yao, fasi ya kazi, ilipata mashini mupya, walimupa ile ya zamani, na ndani mulikuwa ile muchezo, inasema Kifaransa tu. Akaiweka mu saloni, akaifunika kitambala ya mameza, akaniambia na ile sauti yake ya kukohoa kwanza: "Hm-hm. Mama, usiguse. Hii ni kitu ya akili."

Basi nilikuwa ninakaa nyuma yake na sahani ya mihogo, ninaangalia akili.

Akili yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kijana wa kofia kubwa, anatafuta dada yake mwenye mufalme alifungia mu nyumba ya mawe. Hapigane na mutu, hakimbie. Weye unamuonyesha na kamushale kadogo fasi ya kwenda, na yeye anaenda, pole, pole, sawa mutu wa funza mu kidole. Ukimuonyesha ukuta, anaenda ku ukuta, anasimama, anauangalia. Na kila kitu anaona, anakamata. Kamba ya wenyewe, anakamata. Kijiko ya wenyewe, mu mufuko. Anaingia mu nyumba za watu bila hodi, anafungua masanduku, anatoka, hata "muamukaje" hasemi. Kwetu Mahagi angefika nyumba ya pili tu, ya tatu wangemupeleka wamemubeba.

Chini ya picha mulikuwa maneno sita. Sijui kusoma, lakini nilijua fasi ya kila moja, sawa vile unajua fasi ya chumvi mu jikoni. Ya kwanza ni kukamata. Ya pili kufungua. Ya tatu kusema. Ya ine kupana. Zingine mbili sikuona kazi yake. Na ukikosea, ule wa kofia anainua mabega, anasema mu pua: "Sa ne marshe paaa." Ni kusema, haitembee. Ile pua niliiweza siku ya kwanza. Nilikuwa ninawaitikia nayo hata wauzaji wa makala ya moto.

Sasa, bwana yangu alifika ku mulango ya mufalme, na pale akakwama.

Ku mulango kulikuwa askari, amekaa ku kiti, amenyoosha miguu. Nyuma yake kulikuwa dirisha kadogo, na mu dirisha mama moja anakoroga chungu. Bwana yangu alikuwa na barua mu mufuko ya muchezo, barua yenye kashe nyekundu, ile muhuri. Weeh, alivyopenda ile kashe! Akamupa askari barua. Askari akasema apana. Akamupa tena. Apana. Bwana yangu akasimama mu saloni, akaanza kubishana na kioo ya mashini: "Kashe iko! Sinyatire ya mukubwa iko! Sasa huyu mutu anataka nini zaidi?" Akajaribu kamba. Akajaribu kijiko. Kisha akarudi ku barua. Kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha misa, barua.

Mimi niliuzisha samaki ya Kasenyi miaka mingi, kutoka ziwa mupaka soko ya hapa Bunia. Ile mulima niliipanda na vikapo hata mara siwezi hesabu, na mu njia kulikuwa bariere, kamba ya kusimamisha watu, na ku kamba kulikuwa mukubwa amekaa ku kiti, amenyoosha miguu vile vile. Mukubwa wa kiti hauwezi kumupa samaki mbele ya watu. Atakasirika, atasema unamuzarau, atafungua vikapo vyote mu jua. Lakini nyuma ya nyumba kuna mama mwenye kumupikia. Unapita kwake. Unamuamkia, unauliza watoto, unamuachia samaki moja mu majani. Kidogo tu unasikia: "Muzee, kuja ukule!" Mukubwa anasimama, na weye unapita, hata hakuangalie.

Na mu mufuko ya muchezo mulikuwa samaki! Ule wa kofia aliikamata siku ya kwanza, mu pipa ya watu.

Nikamuambia bwana yangu, "Baba, mupe ule mama wa chungu samaki."

Akageuka. Akaniangalia. Kisha akaita ndugu yake mudogo mwenye alikuwa inje anakunywa chai yangu: "Kuja! Kuja usikie akili ya bibi yangu!"

Shemeji akaingia. Huyu shemeji hasemi na koo sawa watu, anasema na kifua, sawa ngoma ya kanisa. "Shemeji," anasema, "hii ni mashini ya Wazungu. Si bariere ya Kasenyi." Wakacheka mupaka chai ikamwangika. Bwana yangu akafuta macho, akasema, "Mama, inaomba lojike. Weye hujasoma."

Hawakujaribu. Tazama vizuri: hawakujaribu, mbele yangu.

Tangu siku ile nilikuwa hadisi. Batizo, shemeji anasimama: "Niwaambie ya shemeji na samaki." Ndoa, anasimama. Vijana wakaniita mama makayabo, mama wa samaki ya chumvi. Na mimi ningefanya nini? Mimi ndiye mwenye kuiga majirani wote wa kartie, nimeiga hata padri mupaka masista wakajificha kucheka. Mutu sawa mimi akikasirika wakimucheka, amekwisha. Nilicheka na wao. Hata ku matanga ya bwana yangu, mwili iko mu saloni, shemeji alisimama akasema ile ya samaki ili watu wapumuzike kidogo na kilio. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kitambala mu kinywa.

Lakini nilitaka kujua. Ni mimi, ao ni wao?

Basi mwaka hii, binti yangu, mwalimu wa primere, akasema ile mashini inakamata fasi ya bure, ataipeleka ku masomo kwenye anafundisha, watoto wajifunze. Binti yangu anasema na mutu yeyote sawa iko mbele ya darasa, anakata neno, anapiga mikono: "Mama! Ka-zi. Ya ile ma-shi-ni. Ni nini hapa?" Nikamuambia sawa, wapeleke, watoto waone vile babu zao waliteseka. Lakini mbele haijaenda, unifungulie ule askari.

Siku ya Mungu, kisha misa, akaifungua. Shemeji alikuwa hapa, juu pua yake inajua siku ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, bila mutu kumuita. Mashini ikakohoa, ikatetemeka, ikapiga kelele sawa mashini ya kusaga mahindi. Kisha picha ikakuja.

Yesu! Kumbe ndiyo hii? Bwana yangu alikuwa anasema, "Ona, mama, sawa ukweli kabisa!" Ukweli gani? Watu wote uso ya pande ine, sawa matofali. Mufalme iko na vidole tatu. Miti ni mifagio. Maji ya mutoni haitembee, inawaka na kuzima. Na muziki ni sauti tano tu, inazunguka, inazunguka. Lakini muguu yangu ikaanza kupiga chini yenyewe, bila kuniomba ruhusa.

Binti yangu akasoma: "Mama, kuna fasi tatu zenye baba alichunga, ukifungua moja muchezo inaanzia pale aliacha. Ya kwanza aliandika 'mulango'. Ya pili, 'mulango tena'. Ya tatu hakuandika kitu, ni pointi tu, nukta moja."

"Fungua ya kwanza."

Na ule askari iko pale! Hajazeeka hata kidogo. Mimi meno imetoka, bwana yangu iko mu udongo, na yeye bado amenyoosha miguu.

Nikasema, "Lete mukono ya mashini hapa, ile ya kusukuma kamushale."

"Mama, utaweza?"

Mukono yangu imepara samaki kutosha mutumbwi. Nikakamata ile kadude, ikaponyoka, ikaanguka, ikabaki inaning'inia na kamba yake. Shemeji akapiga kifua: "Shemeji, ile si makayabo, usiikamate mukia!" Nikaivuta juu. Kamushale kakakimbia huku na huku sawa kuku mwenye ameona kisu. Mara ya kwanza nikakosea, kijana akaenda kupa ukuta samaki. "Sa ne marshe paaa." Shemeji akasema, "Si unaona?" Mara ya pili nikakaza mukono na mukono ingine. Neno ya ine. Samaki. Mama wa chungu.

Kijana akatembea. Alivyotembea, ungemaliza Salamu Maria kumi. Akafika ku dirisha. Akatoa samaki.

Ule mama akaikamata, akaitupa mu chungu, akapiga kijiko mara tatu. Na askari akasimama! Mara ya kwanza mu maisha ninamuona amesimama, kumbe ni kafupi, miguu yake ilikuwa kazi ya kiti tu. Akaenda kukula. Mulango ikafunguka.

Nililia kigelegele mupaka kuku ya majirani ikaruka. Nikacheza, na hii goti yangu yenye haikunjike. Binti yangu akapiga mikono, safari hii si ya darasa.

Shemeji alikuwa anaangalia mabati ya juu. "Ni bahati tu," akasema. "Zima sasa, umeme itaisha, sombe inapoa."

Nikasimamisha goti. Huyu mutu, sombe haijamupoea hata siku moja, anaikula jikoni ingali inachemka. Na tena hakushituka. Mulango ya miaka yote imefunguka mbele yake, na macho yake haikukuwa ku mulango, ilikuwa inakimbia kioo yote, sawa inaogopa ile fasi ya tatu yenye pointi.

Nikamuambia binti yangu, "Fungua ya tatu."

Akafungua. Kijana wa kofia iko ndani ya nyumba ya mufalme. Ndani! Nyuma ya mulango. Mufalme analala juu ya sanduku kubwa. Nikaangalia chini, mu mufuko: kamba iko. Kijiko iko. Barua na kashe yake iko, hakuna mutu mwenye aliitaka.

"Samaki iko wapi?"

Kisha binti yangu akasema polepole, sauti ya darasa imeisha: "Mama. Baba alipita."

Nikageukia shemeji. Kifua yote ile ilikuwa imeingia ndani, alisema na koo sawa watu.

"Shemeji... alinikataza kusema. Weye ulikuwa umeenda Kasenyi. Alisema tujaribu tu, tucheke. Tulianza kucheka. Kisha mulango ikafunguka, hatukucheka tena."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mudogo yangu, usimuambie. Akijua hii, siye wawili hatutaishi tena mu hii nyumba.'"

"Na ku matanga yake? Mwili iko pale? Ulisimama ukasema nini?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepanguswa vizuri, ya misa.

Basi ndiyo ile. Siku zote za Mungu zenye zilifuata, bwana yangu alikuwa anafungua ile ya kwanza, anakaa mbele ya askari, anakuna kichwa, "hm-hm, barua hii, sijui juu ya nini," na mimi nyuma yake na mihogo. Mutu muzima, kalamu mbili mu mufuko, anakaa mbele ya mulango yenye amekwisha kufungua, anasema imefungwa. Na wakati siko, anaenda ku ile ya tatu, anakwama mbele ya mufalme wa vidole tatu, na hawezi kuniuliza, juu akiniuliza nitajua. Akaacha dada ya mutu akae mu kifungo mupaka leo, kuliko kusema, "Mama, ulikuwa na haki." Maneno ine tu!

Nilicheka. Nilicheka mupaka machozi ikashuka, na ilipozidi kushuka sikuiuliza ni ya nini.

Kisha nikamuambia shemeji, "Mwezi yenye inakuja ni misa ya kumukumbuka. Watu watakula hapa. Utasimama, utasema ya samaki. Yote. Anza sasa, nisikie."

Akaanza, sauti sawa ya mutu ku kitubio: "Siku moja kaka yangu..."

"Apana. Ile ya kifua. Yenye ulinichekea nayo."

"Siku moja kaka yangu..."

"Umeruka chai. Chai ilikuwa yangu. Anza tena."

Alianza mara tano. Mara ya tano ilikuwa nzuri, hata jasho ilikuwa fasi yake.

Wakati ule binti yangu alikuwa anasumbuka na mufalme. Akamupa barua. "Sa ne marshe paaa." Shemeji akavuta kiti, "Jaribu kamba." Kamba, apana. Kijiko, apana. Mimi niliona palepale kitu yenye inaomba. Ilikuwa wazi, hata mutoto mwenye amekwisha kulala kitanda moja na babu mwenye kukoroma angeijua.

Wakageuka wote wawili.

"Mama, sasa tufanye nini?"

"Shemeji," akasema na yeye, na koo, "saidia basi."

Nikafunga kitenge yangu vizuri. "Mimi? Mimi sijasoma."

Nikaenda kuangalia sombe. Mashini hawakuipeleka kesho yake, na hata hii juma bado. Binti yangu anasema masomo itangoja kidogo. Anaandika haya yenye ninamusemea, na anaulizauliza katikati mufalme anaomba nini, lakini mimi ninamuambia aandike tu.