Mlango wa Jikoni wa Beryl Trewin

Kofi la kwanza Beryl alilipata kabla maua ya harusi hayajanyauka. Mumewe, Col Trewin, alirudi kutoka banda la kunyolea kondoo akakuta nyama imekauka sahanini. Akampiga kwa mgongo wa mkono, pete ikamchana mdomo. Kisha akavuta kiti, akaila nyama ileile mpaka ikaisha, akasema haikuwa mbaya.

Mji wa Mundalong ulimpenda Col. Nani asingempenda? Alikuwa nahodha wa raga, na jukwaa la uwanjani lina jina lake mpaka leo. Moto wa msituni ukivamia shamba la mtu, trekta la kwanza kutokea kwenye moshi lilikuwa la Col. Baani aliwanunulia bia hata watu asiowajua. Akiisha kuwafurahisha wote hao, alipanda pikapu yake kwenda nyumbani, na kilichobaki moyoni mwake alikifikisha kwa mkewe.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya nyumba ile uliijua mlango wa jikoni. Ulikuwa mlango wa mbao nzito za mwerezi, umri sawa na nyumba, tangu enzi za wachimba dhahabu. Beryl akisikia pikapu inaingia kwa kasi, alikimbilia jikoni na kutia komeo. Col hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alipiga ngumi, na pale juu, usawa wa uso wa Beryl, mbao zikaingia ndani. Alipiga teke, na chini kukabaki umbo la ncha ya buti. Jumapili moja Beryl alimmwagia bia yote bustanini, Col akaja na shoka akaupasua mlango karibu na kitasa. Mwaka wa ukame, alipolazimika kuwapiga risasi kondoo wake mwenyewe na kuwatupa shimoni, alirudi na bunduki ingali na joto, akafyatua. Marisau yalitapakaa kwenye mbao kama ndui. Yaliyopenya yalimwingia Beryl begani. Alikuwa na mimba. Mtoto alitoka palepale sakafuni, hana uhai, mgongo wa mama yake ukiwa umeegemea mlango, na baba yake upande wa pili akilia na kuomba afunguliwe.

Hakupata mimba nyingine.

Col alikufa akipakia kondoo kwenye lori. Moyo ulimsimama, akaanguka miguuni pa wanyama, wakamkanyaga. Mji mzima ulilia. Beryl alisimama kaburini na gauni jeusi la kuazima, watu wakimshika mkono na kumwambia alikuwa na bahati. Baada ya hapo aliishi kwa kushona blanketi za viraka, na walimwita fundi, maana kweli alikuwa fundi.

Kila majira ya kuchipua, Mundalong hufanya Njia ya Sanaa. Watu wanafungua mabanda yao, mahame ya stoo na varanda, wanaonyesha walichochonga, walichochora na walichofuma, na wageni wanafuata ramani kutoka kazi moja hadi nyingine wakila pai. Mwaka ule Philippa Oakes, mwalimu mstaafu aliyeongoza kamati, alikuja kwa Beryl kumtengea nafasi katika ghala la zamani la sufu.

"Lete zile blanketi zako, mpenzi. Utakuwa kituo cha mwisho," alisema. "Na utafurahi kusikia cha kwanza ni nini. Neville anamchomelea Col sanamu, ya majembe ya plau. Itakaa uwanjani. Ameshika mpira hivi!"

Neville alikuwa mdogo wake Col. Beryl alimtazama Philippa, mgeni asiye na hatia, aliyehamia mjini Col akiwa ameshakufa, akamwongezea chai.

"Nitaleta kitu," alisema.

Philippa alipoondoka, Beryl alichukua bisibisi na kung'oa mlango bawaba moja baada ya nyingine. Kutu iling'ang'ania. Alipomaliza, kucha zilikuwa zinavuja damu, na upepo wa uani ukaingia jikoni bila kizuizi.

Siku ya ufunguzi mlango ulikuwa umesimama wima kati ya nguzo mbili za ghala, peke yake. Hakukuwa na blanketi hata moja. Kando yake Beryl alikuwa ametundika kipande cha boksi alichoandika kwa kalamu nene: "Mlango wa jikoni kwangu. Matundu ni ya Col." Yeye alikaa pembeni kwenye kiti cha kukunja, mkoba mapajani.

Wageni walidhani ni mlango wa kale tu. Mmoja aliingiza ngumi yake kwenye tundu kwa mzaha, kisha akasoma boksi, akautoa mkono kama aliyeugusa moto. Wenyeji hawakuhitaji kusoma mara mbili. Habari ilitangulia barabara kuu, ikaingia baani, ikapanda mpaka uwanjani, ambako Neville alikuwa amesimama chini ya sanamu yake akipongezwa.

Alikuja mbio. Shoka alilitoa nyuma ya pikapu. Mkewe Joyleen alikuwa anamfuata akiita, "Nev! Nev, watu wanakuona!"

"Waone!" Neville alifoka. Aliingia ghalani, na watu wakampisha. "Toa takataka hiyo, shemeji."

"Si takataka," Beryl alisema. "Wewe umeleta sura ya nduguyo, mimi nimeleta kazi ya mikono yake."

"Unamtukana mtu aliye kaburini! Mbona hukusema akiwa hai? Ee? Ulikuwa unakula nyama yake ukanyamaza!"

"Nilisema. Nilikuja kwako, Neville, na jino langu kiganjani. Ukaniambia nini?"

Neville alilikaza shoka mkononi.

"Ukaniambia nikapike."

Shoka lilipanda. Pigo la kwanza lilipasua boksi na ubao wa juu, vibanzi vikawarukia watu usoni, mwanamke mmoja akapiga kelele. Pigo la pili lilipoinuliwa, Beryl alikuwa ameshasimama na kuweka mkono wa kushoto juu ya mlango. Hakufikiri. Alifanya kama mtu anayemzuia mtoto asiingie barabarani. Chuma kilishuka. Vidole viwili vya mwisho vilibaki kwenye mbao, na damu ikashuka ikifuata mpasuko wa zamani.

Neville aliuachia mpini. "Beryl," alisema, sauti nyembamba, "mbona umeweka mkono?"

Hapohapo Darcy Quill, muuza nyama, aliyewahi kucheza raga bega kwa bega na Col, alimpiga ngumi ya sikio akaanguka. Wengine wakamrukia. Walikuwa kama watu waliokuwa wakingojea ruhusa. Walimpiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya uso. Kichwa chake kilidunda kwenye sakafu ya mawe, jino likateleza mpaka miguuni pa Philippa, na Philippa akatapika. Joyleen alimlalia mumewe, naye akapigwa buti la bega na mtu ambaye hakutaka hata kutazama amempiga nani.

Beryl alikuwa amefunga mkono kwa skafu. Alitazama mabuti yale yakipanda na kushuka. Aliujua mlio wake. Alipaza sauti mara kadhaa wamwache, lakini nani angesikia? Basi akaliokota shoka kwa mkono wa kulia, akapiga nalo bati la ukuta kwa nguvu zake zote, na ghala likanguruma mpaka popo wakatoka darini.

Wanaume walisimama, wanahema.

"Mnapiga vizuri," alisema. "Mikono mnayo, kumbe. Miaka yote ile ilikuwa wapi?"

"Hatukujua, Beryl," Darcy alisema. Damu ya Neville ilikuwa inamtiririka vidoleni.

"Tulipakana uzio, Darcy. Risasi ilipolia ulizima taa ya varanda. Niliiona ikizimika."

Darcy alikaa chini kwenye kreti na kufunika uso.

Helikopta iliwachukua Beryl na Neville pamoja, machela kwa machela. Vidole havikuungika. Neville alipoteza jicho, na alipotoka hospitali alifungwa. Darcy naye alishtakiwa, akakiri.

Mji uligawanyika. Wapo walioacha kumsalimu Beryl. Asubuhi moja alikuta kichwa cha kondoo kimetundikwa langoni, ulimi nje. Alikizika na kwenda dukani kama kawaida. Philippa alimjia kwa aibu, akasema kamati imeamua kuondoa sanamu ya Col kimyakimya.

"Iacheni," Beryl alisema. "Na mlango uacheni na damu yake. Anayetaka kuona Col alikuwa nani, aanzie kule amalizie huku."

Ndivyo ilivyo katika ramani hadi sasa.

Joyleen alikuja mchana mmoja, akasimama kwenye fremu tupu ya jikoni. Alisema Neville hajawahi kumgusa, na kwamba nyakati zile alikuwa anafungulia redio kwa sauti kubwa ili asisikie, akimshukuru Mungu kwamba yeye alipewa ndugu aliye mwema.

"Ondoka," Beryl alimwambia.

Joyleen aliondoka. Wiki iliyofuata alirudi. Beryl hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alikuwa anahangaika na kitambaa kilichomteleza kwenye mkono mbovu, na Joyleen akakaa, akalishika pindo. Walishona mpaka jua likageuka.

Neville alipotoka gerezani alikuwa amekonda, na kiraka cheusi jichoni. Walikutana barabara kuu, mbele ya duka la nyama. Neville alisimama, akashuka kwenye lami, akavuka upande wa pili. Beryl aliendelea mbele palepale alipokuwa anapita, akaingia kununua mbavu za kondoo.