Wembe Kabla ya Upasuaji

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Sista Wavinya huchukua tochi yake ndogo na kumulika mguu wa kila mgonjwa anayekwenda kupasuliwa siku hiyo. Huanzia pajani, akashuka taratibu hadi katikati ya vidole, hata jua likiwa kali dirishani. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa katika wadi ya mifupa mjini Machakos. Wagonjwa husema anatafuta kupe.

Jumanne hiyo alianza na Musau, mchonga mawe wa Mlolongo aliyevunjwa muundi na jiwe. Alikuwa amengoja wiki tatu kutiwa chuma. Sista alipofunua shuka, tochi ilisimama.

Mguu ulikuwa laini kama yai. Haukuwa na unywele hata mmoja, na juu ya muundi palikuwa na mikato mitano au sita, myembamba, myekundu.

"Nani amekunyoa?"

"Mama," alisema Musau, akitazama dari.

"Amenyonyolewa kama kuku wa Krismasi!" alidakia Masila wa kitanda cha pili. "Jana, saa ya kuona wagonjwa. Sisi wengine tuliletewa uji, yeye akaletewa wembe."

Mama mwenyewe, Kalunde, alikuwa ametoka Kivaa kuja kumsindikiza mwanawe. Alisimama.

"Si nilimsafisha tu, sista? Kwetu mtoto hapelekwi mbele ya daktari na manyoya kama mbuzi. Na wembe ulikuwa mpya."

"Mpya pia hukata, mwaitu, mama yangu. Vijidudu hupitia hapo hapo, na vikishika chuma, dawa haivitoi. Inabidi chuma chenyewe kitolewe. Sasa itabidi angoje mikato hii ipone kwanza. Nywele zikisumbua, tunazipunguza sisi kwa mashine, dakika chache kabla."

"Aiya! Hiyo ni mikwaruzo tu. Wewe nyamaza nayo. Akikaa wiki ingine, huo mfupa utajishikia ovyo, na yeye ni mtu wa kusimama kutwa."

Hilo la mfupa lilikuwa kweli, na Wavinya alilijua. Picha ya mwisho ilionyesha umeanza kushikana, tena kwa upande. Alirudisha shuka, akaenda mezani, akampigia simu Daktari Tariq, mpasuaji. Jina la Musau likakatwa kwenye orodha, likaandikwa Jumanne iliyofuata.

Musau aligeukia ukutani. Masila alichukua redio yake, akaizima. Kalunde alikaa kwenye benchi la mlangoni mpaka chakula cha mchana, mkoba mapajani. Wavinya alipopita na toroli ya kufungia vidonda, yule mama alishika ukingo wake ikasimama.

"Sista, nikuulize moja tu. Ungenyamaza, daktari angejua?"

"Hapana, mwaitu. Yeye huukuta mguu umeshapakwa dawa ya kahawia mpaka gotini, mikato haionekani."