Aliita Mara Moja Tu Kule Kasokola

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, maana Mpanda nzima wananijua. Mimi ndiye kijana niliyeshindana mbio na treni ya mizigo, ikafika stesheni inahema, mimi nimeshavua viatu vyangu vya raizoni napunga upepo. Nina miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la tano, tulikuwa tumechokana. Nyie mnaojidai kwa vyeti chekeni kwanza, mkimaliza mnisaidie.

Kipupwe hiki, Jumapili baada ya misa, tulitoka vijana watatu Nsemulwa kwenda kutembea vilima vya upande wa Kasokola. Hatukufuata kitu, ni miguu tu na michembe ya viazi mfukoni. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kasiani, kijana wa Kibende, mtoto wa mrina asali, alitangulia mbali. Porini hakubali kuongozwa. Nyuma nilibaki na Nestori, rafiki yangu aliyekuja kutoka Burundi na mama yake, mgeni wa misitu yetu.

"Kaka, huku nikipotea nafanyaje?" akaniuliza.

Nikamjibu. Nilichomjibu nitakisema mbele.

Juu kilimani tulikula tukicheka. Nestori akaitazama suruali yangu. "Bugaluu yako imefagia njia yote, kesho ng'ombe watapita bila kujikwaa."

Wakati wa kushuka ukungu ulijaa bonde zima. Nestori akabaki nyuma kutoa mwiba. Tukaenda kidogo, mara nikasikia jina langu. Sauti ndefu, kutoka chini korongoni.

Kasiani akanishika mkono. "Usiitikie."

"Si Nestori huyo?"

"Mtu huita mara mbili. Anayeita mara moja si mtu, na ukimwitikia unamfuata. Kwenu hawakukufundisha?"

Walinifundisha. Kila mtoto wa huku anajua. Tukasimama tukingoja ya pili. Haikuja.

"Nestori atakuwa ameshika njia ya ng'ombe," Kasiani akasema. Tukaondoka upesi, hakuna aliyegeuka.

Kesho yake wanaume waliingia korongoni. Walipata kiatu chake kimoja kando ya genge la mawe, basi.

Sasa mama yake anakuja kwetu kila baada ya misa. Hata shikamoo yangu hangoji.

"Mwanangu, niambie kweli. Aliita?"

Nikamwambia hakuita. Akatabasamu.

"Basi yu mzima. Nestori ana koo kubwa, angepotea angeita mpaka Mpanda isikie. Asubuhi ile tuligombana. Amekwenda Kibaoni kuvuna mpunga, hasira zikimwisha atarudi."

Kila siku anamwachia maharage chunguni. Na mimi, asubuhi za ukungu, nasikia jina langu. Mara moja. Siku hizi naitika, majirani wanasema nimerukwa na akili.

Nyie mlio wengi nipeni ushauri, mimi nimeshindwa: nimwambie mama kwamba aliita, nimzimie tumaini, au nimwache aendelee kupika? Ila kabla hamjanijibu mjue hili. Nestori aliponiuliza akipotea afanyeje, nilikaza uso nikamtania: "Ita mara moja tu. Ukirudia, chui anajua ulipo." Kasiani hakusikia. Nilitaka tu kumwona anaogopa.

Aliniamini. Na pale bondeni, Kasiani akiwa anangoja ya pili, mimi nilijua haitakuja.