Perege wa Mafuta ya Kitani

Mwalimu mkuu alipostaafu, shule ilishusha pumzi, nyumbani kukaanza kazi. Mtu aliyezoea kuamrisha shule nzima sasa alibaki na mke, kuku wachache, na daktari aliyemwambia bila kumung'unya maneno: "Damu yako imejaa mafuta, Mwalimu. Punguza vya kukaanga, fanya mazoezi, kula samaki."

Katika yote hayo alisikia neno moja tu: samaki.

Akajenga bwawa la saruji uani, pale mkewe alipokuwa akianika nguo, kisha akaenda semina ya wafugaji. Huko akaelezwa kwamba mafuta ya samaki wa baharini, yanayotiwa kwenye chakula cha samaki wa kufugwa, yameadimika, hivyo watu wanajaribu mafuta ya mbegu. Na kwamba samaki akilishwa mafuta ya mbegu za kitani, nyama yake huufaa moyo wa mlaji. Alirudi uso umemng'aa kama aliyepewa shule ya pili.

"Kuanzia leo," akamtangazia mkewe, "perege watakula soya, funza waliokaushwa na mafuta ya kitani."

"Yale ya vichupa vya duka la dawa?"

"Hayohayo."

"Si uyanywe mwenyewe, baba watoto? Kuna haja gani yapitie kwanza kwa samaki?"

"Hii ni sayansi," akasema, kwa sauti aliyozoea kufungia vikao vya walimu.

Kinu cha kusagia nyama kikahamia uani kutengeneza chakula cha perege. Jikoni mama watoto alikaangia vitunguu kwa matone ya mafuta. Kwenye chakula cha perege mafuta yalimiminwa tu, maana Mwalimu aliona kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Asubuhi moja akawakuta perege wote juu ya maji, midomo wazi.

"Mama watoto, njoo uone! Wananisalimia!"

Mkewe akachungulia. Maji yalimeremeta kama sakafu iliyopigwa nta.

"Wakusalimie wana nini, mzee? Wanakosa hewa hao!"

Heshima ikawekwa kando. Mwalimu akavua shati, akakunja suruali, akawa anachota maji ya mafuta na kumwaga, huku akikimbilia bomba la mtaa kuleta mengine, majirani wakimwangalia juu ya ukuta. Perege wengi walipona. Mafuta akayapunguza, ila woga haukumtoka: kila mara alibadilisha maji, yeye na ndoo zake. Kitambi kikanywea, mkanda ukatobolewa tundu jipya. Perege nao wakanona, lakini kila ilipofika siku ya kuvua, Mwalimu alipata udhuru: huyu bado anakua, yule ni wa majaribio. Mezani wakaendelea na maharage.

Daktari alipompima tena, akashangaa. "Damu imekaa vizuri kabisa! Umefanyaje?"

"Samaki, daktari. Samaki wa mafuta ya kitani."

Mkewe, aliyeketi pembeni na mkoba mapajani, akakohoa. "Mwambie basi umekula wangapi."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu. "Utafiti haujafika hatua hiyo."

Habari zikawafikia watu wa semina, wakamwalika atoe ushuhuda. Alizungumza mpaka mwenyekiti akasinzia, akapigiwa makofi mengi. Mama watoto hakwenda. Alishuka uani na wavu, akamvua perege mnene kuliko wote, akampaka chumvi na ndimu, akambanika juu ya mkaa, kisha akamla peke yake kivulini, taratibu, hadi kichwa.