Ganzi Kwenye Usaha

Kila nikifungua chupa ya spiriti, kidole gumba changu hukumbuka. Nilipokuwa mtoto kilijaa usaha baada ya kuchomwa na mwiba wa mkonge. Tabibu wa zahanati yetu kule Korogwe, bwana wa miwani aliyependa kuitwa daktari, alidunga ganzi palepale kwenye usaha, na papo hapo akashika kisu.

“Bado nasikia,” nikamwambia.

“Husikii. Nimeshakuchoma ganzi.”

Mama akanikandamiza miguu. “Msamehe, daktari, huyu anadeka.” Tabibu alipomaliza kupasua, Mama akamkabidhi jogoo na shukrani juu.

Siku hizi kuchoma ganzi ndiyo kazi yangu. Hata mwanafunzi mzembe anajua kwamba dawa hiyo huzuia mishipa ya fahamu isipeleke maumivu kwenye ubongo, kwamba inahitaji dakika kadhaa, na kwamba penye usaha haina nguvu. Tunachoma kwenye shina la kidole, tunangoja, tunamuuliza mgonjwa. Yule bwana hakujua hata moja, ila miwani alikuwa nayo.

Mama bado anamsifia mkono wake mwepesi. Hajawahi kuniuliza nilisikia nini.