Waliomtoa Mwanamke Mwenye Upinde

Nimezoea kuyaweka mambo kwa mpangilio, hata hasira. Hii nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini.

Katikati ya miaka ya tisini mjomba wetu alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya soko la Kakamega: televisheni moja, mashine moja, mabenchi matatu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekisimamia. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na nilijifundisha Kiingereza kwa kamusi, ukurasa mmoja kila siku.

Kaseti ya gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mwanamke mwenye upinde anayepanda mlima. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo hakuna aliyejua mwanamke yule ni nani wala anakwenda kufanya nini. Dada alizitazama picha mpaka akapata hadithi. Mwanamke ana kaka mgonjwa kule juu. Chungu alichobeba kina maji ya dawa. Walinzi wa njiani wanamzuia kwa sababu mkubwa wao anataka mgonjwa afe, arithi shamba lake. Mwisho wa gemu mwanamke aliweka chungu chini, mwanamume aliyelala akafumbua macho, maandishi yakapita.

Dada alisimulia mmoja akicheza na wengine wakingoja zamu. Mvua ya alasiri ilipopiga mabati alipaza sauti. Watu walitoka Lurambi kwa miguu, na wako ambao hawakuwahi kugusa mashine. Walikuja kumsikiliza yeye.

"Leo walinzi watamshika, siste?"

"Kaa chini, wewe. Huyu mama hashikwangi."

Kisha mjomba akarudi kutoka Nairobi na mashine mpya. Gemu lilikuwa lile lile, limechorwa upya kwa rangi nyingi na muziki mzito. Alileta pia kanda ya katuni iliyotengenezwa kutokana na gemu hilo, kwa Kiingereza.

"Sasa tumepata hadithi yenyewe," aliniambia. "Wewe si unasomanga kamusi? Jumamosi utawatafsiria watu."

Niliitazama kanda mara mbili nikaandika kurasa nne. Sikujiuliza dada atabaki na kazi gani. Nilijivunia zile kurasa.

Jumamosi chumba kilijaa mpaka mlangoni. Katika katuni, mwanamume hakuwa mgonjwa. Alikuwa mwana wa mfalme, amelazwa kwa uchawi, na dakika chache tu baada ya kanda kuanza aliamka, akachukua upinde, akaenda vitani. Mwanamke alimkabidhi upinde, akalia mlangoni, na hakuonekana tena. Hata gemu jipya lilikuwa hivyo: unamchezesha mwanamke mpaka avuke daraja la kwanza, kisha ni yule bwana hadi mwisho. Juu ya boksi la gemu, hata hivyo, walimchora mwanamke. Ndiye watu walimkumbuka.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno.

"Zii! Kumbe hakuna kaka?" mpiga rangi viatu mmoja alipiga kelele. "Siste, umetulisha uongo miaka yote hii!"

"Tena alikuwa anatuuzia shamba!" mwingine akadakia. Wakacheka wote.

Dada hakucheka. "Mlimwona akibeba chungu ama hamkumwona?"

"Ni mtumishi tu, siste. Alitumwa."

Akanigeukia mimi. "Wewe ule mwisho wa zamani umeuona mara ngapi? Waambie."

Niliangalia karatasi zangu. "Kanda inasema ni mtumishi wa mfalme," nilisema.

Dada aliendelea kufungua mlango na kupanga zamu, lakini hakusimulia tena. Siku moja ya mvua fundi wa baiskeli, mtu mzima, alimwomba taratibu awape kidogo tu ile ya zamani. "Muulize ndugu yangu," alimjibu. "Yeye ndiye anajuanga Kizungu."

Nilimwendea mjomba nikamwomba kaseti ya kwanza. Alikuwa amempa muuzaji pamoja na mashine ya zamani alipochukua mpya.

Tangu hapo nimeona magemu mengine yakifufuliwa hivyo hivyo, na kila mara watengenezaji husema wamerudisha kile mlichokipenda. Mwanamke wetu hawakumrudisha. Walichukua sura yake ivutie wanunuzi, kisha wakampa mwingine safari yake. Mwisho wa gemu la kwanza nimeupitia kichwani picha kwa picha, na hakuna picha hata moja inayosema yule ni mtumishi. Dada alisoma kilichokuwa mbele ya macho yake. Mimi, kwa kuwa nilijua maneno machache ya Kiingereza, niliona mwenye kanda ndiye mwenye ukweli, nikamsaidia kumnyamazisha mtu pekee chumbani aliyekuwa ametazama vizuri.

Dada alipoolewa Butere niliandika hadithi yake yote kwenye daftari, kuanzia chungu hadi kaka kufumbua macho, nikampelekea. Aliisoma amesimama, bila haraka, hadi ukurasa wa mwisho. Kisha akalifunga daftari akanirudishia.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini Jumamosi ile mdomo ulikuwa nao."

Akaingia jikoni kunitengenezea chai.