Jembe la Mahari Shingoni mwa Sanamu

Saa moja asubuhi ya Julai, 1976, Emerensiana Lyamba amepiga magoti uani kwake Mamba, Mpimbwe, akisugua kwa jiwe laini sanamu ya udongo ya mwanamke aliyeketi. Nywele za sanamu ni nyuzi za magome ya mti. Mchana lori la kijiji litaipeleka Mpanda kwenye maonyesho ya Saba Saba, na bado haijakamilika.

"Bila jembe huyu ni mtungi tu," anasema mfinyanzi huyo, akicheka.

Aliolewa miaka ya arobaini kwa majembe manne. Matatu kaka yake, Melkior, aliyatolea mahari akamwoa Skolastika. La nne Skolastika alililimia mpaka likaisha, kikabaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Kipande hicho Melkior amekataa kukitoa kivishwe sanamu.

"Mahari ni heshima," aliniambia juzi nilipomhoji, uso umemkunjamana. "Dada anataka watu wa mjini waseme tuliuza watoto wetu."

Emerensiana hana kinyongo naye. "Washenga walinikagua meno, wakanikagua visigino. Halafu baba akagonga majembe yao asikie kama chuma ni kizuri. Mimi na jembe tulipimwa siku moja. Nataka binti zetu walione hilo."

Saa sita wanawake wa jirani wamejaa uani, wanaishika sanamu mabega na kutaniana. Dereva anapiga honi. Melkior anaingia, kipande cha jembe mkononi, mkewe nyuma yake.

"Wifi yako kaniuliza jana," anamwambia dada yake. "Jembe hili la nani, la mimi niliyelipokea au la yeye aliyelilimia? Basi nimelileta."

Analifunga mwenyewe shingoni mwa sanamu kwa kamba ya magome. Vigelegele vinapigwa. Nami, nakiri, nimefurahi kupita kiasi cha mwandishi wa gazeti.

Melkior anarudi nyuma, anaitazama. "Mbona hana mdomo?"

"Siku ile nani aliniuliza neno, kaka?"

"Kweli. Hatukukuuliza."

Emerensiana anamshika mkono. Akirudi kutoka Mpanda, anasema, ataanza sanamu ya pili, ya kitinda mimba wake, Romana. Mwezi uliopita washenga walipokuja, binti huyo alitoka ndani akawaambia wamngoje amalize shule kwanza, na wakangoja.

"Huyo," anasema mama yake, "nitaanza na mdomo."